Mistari Kumi na Moja ya Hamisi

Mapendo wangu,

Leo Jumapili, duka letu la kupigisha simu limefungwa, na wewe uko kanisani wanakuombea safari. Niliwaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimekuja hapa dukani Umbilo Road, nimejifungia kwa ndani, nimekaa kwenye kompyuta ya nyuma, ile yako, na ninakuandikia kwenye kaye ileile, daftari ulilonifundishia kazi. Ukigeuza kurasa hizi utaukuta mwandiko wako: "Mama, kwanza fanya nakala. Pili, usiogope."

Sitakuandikia habari za sweta wala za chakula cha ndani ya basi. Cape Town ni mbali lakini watu wanakula huko. Nguo zako umezipanga vizuri kuliko ningezipanga mimi. Nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu saa nne. Nimepiga deki mahali palipokuwa pasafi. Nimefuta simu zote kwa kitambaa. Sasa nalisema.

Diski ya Hamisi haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyefuta mistari yake.

Nitasimulia toka mwanzo, kwa sababu hadithi hii unaijua kwa upande wako tu. Watu wa ng'ambo walitengeneza programu ya maktaba, ya kuorodhesha vitabu, wakaiweka wazi kwenye intaneti. Kila mtu aichukue, aisome ndani, aibadilishe anavyotaka, ila akiitengeneza vizuri zaidi awarudishie na wenyewe wafaidike. Wewe ulikuwa kidato cha mwisho, Hamisi alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyekuja kupiga simu Tanga kila Jumamosi. Mlikaa hapa mkaigeuza. Palipokuwa pa jina la kitabu, mkaweka jina la mtu. Palipokuwa pa mwandishi, mkaweka jina la pili. Maktaba ikawa ya watu waliopoteana kwenye vita vyetu. Makanisa yakawa yanatuletea orodha kwa diski: ya hapa Durban, ya Johannesburg, ya Maputo. Mtu anaingia kupiga simu, anasema namtafuta fulani, nasi tunaangalia.

Mchana mlikuwa masomoni wote wawili. Ndiyo maana mlinipa mimi ulinzi wa shina. Mlisema hivyo, shina, na kazi ya kila mmoja wenu mliiita tawi. Kila mmoja abadilishe kwenye tawi lake, aniletee kwa diski, mimi niunganishe na shina nikifuata kaye. Mimi niliyeishia darasa la sita. Siku ile nilitembea mpaka South Beach nyumbani bila kupanda taxi, nilikuwa sisikii miguu.

Hamisi alikuwa na adabu na mdomo pamoja. Akiingia: "Shikamoo, Mama Mapendo." Nikamwambia usiniamkie kama bibi, huyu mtoto nilimzaa na miaka kumi na sita. Akasema basi nimwamkie mtoto. Akasema pia Kiswahili chetu cha Bukavu kimenyeshewa na mvua. Nikamjibu chenu kimevaa tai, kinaogopa kukaa chini. Ulicheka mpaka ukatoka nje. Nilimpenda Hamisi, Mapendo. Nataka ujue hilo kabla ya yanayofuata.

Ni yeye aliyeona tatizo. Alikuwa anasoma orodha ya Johannesburg iliyochapwa, akasema programu yetu inatafuta safu ya kwanza tu, kama mtu anayetafuta kitabu kwa jina la juu. Sisi hapa Durban tuliandika jina kamili kwenye safu ya kwanza. Wale wa Johannesburg waliandika mtu anavyoitwa na majirani, Mama fulani, Papa fulani, na jina lake mwenyewe wakalitupa safu ya pili. Akasema hawa wote hawataonekana. Akasema ataandika utafutaji wa safu zote mbili. Wewe ukasema sawa, nawe ukaendelea na yako, ile ya kuchapa barua ya mtu aliyepatikana.

Aliileta Jumanne mchana. Diski ya bluu. Aliniwekea mezani akakimbilia darasani.

Mvua ilikuwa inanyesha, hapakuwa na mteja. Nikafungua kaye. Nikafanya nakala, nikaiweka kazi yake pembeni, nikaiambia kompyuta iunganishe. Ikaunganisha, isipokuwa mahali pamoja. Pale ikakataa. Ikaandika vishale saba vinavyoangalia kushoto, chini yake mistari yako minne. Kisha alama saba za sawasawa. Chini yake mistari ya Hamisi, kumi na moja. Kisha vishale saba vinavyoangalia kulia. Mlikuwa mmegusa mahali palepale wote wawili, na mashine ilikuwa inaniambia: mimi sijui, wewe mtu amua.

Kwenye kaye uliandika: "Ukiona vishale, simama. Usichague upande. Soma zote mbili, halafu tuite."

Nilisoma. Sikuelewa sana, lakini niliona ya kwake ni mirefu. Nikaona watu wa ng'ambo wakiipokea watasema kazi kubwa ni ya Hamisi, huyu msichana aliongeza kidogo. Na kwenye mkoba wako kulikuwa na fomu ya chuo cha Cape Town, nilikuwa nimeisoma ulipolala, ile sehemu wanayouliza: ni kazi gani umeifanya wewe mwenyewe? Na Ijumaa ng'ambo walikuwa wanafunga toleo jipya.

Nilitaka jina lako peke yako.

Nikafuta vishale, nikafuta alama za sawasawa, nikafuta mistari yake mmoja baada ya mwingine. Nilihesabu. Kumi na moja. Nikaingiza kwenye shina. Unajua kilichonishangaza? Programu ilifanya kazi. Sijui nilitegemea nini, labda ipige kelele. Haikusema neno. Ilitafuta, ikachapa barua zako, nzuri, herufi kubwa. Kitu kikiwa kimekosea kinalia, lakini kitu kilichoondolewa hakina mdomo.

Jumamosi Hamisi akaja. Akauliza, "Mistari yangu iliingia, Mama Mapendo?"

Nikasema, "Diski yako haikufunguka, baba."

"Eish, diski hizi." Akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu kompyuta za chuoni kwao wanazifuta kila mwisho wa wiki na nakala nyingine hakuwa nayo. Akasema ataandika upya. Nawe, uliyekuwa umechoka na mitihani, ukamwambia lile neno. Unalikumbuka? "Kaka Hamisi, kama hukuandika, sema tu hukuandika."

Aliniangalia mimi. Nilikuwa nafuta simu, nikaendelea kufuta simu.

Hakurudi tena kwenye kiti hiki. Alipomaliza masomo alikwenda kwao bila kuaga. Nawe tangu siku ile ukisema Watanzania, unaongeza maneno yasiyo mazuri. Nimekaa nikisikiliza ukisema hivyo mezani, na kijiko kimenishinda kukipandisha mdomoni.

Lakini si Hamisi anayekuja kunisimamia pembeni. Ni Faida.

Wewe ulimwona mara moja tu, labda umemsahau. Dada mwembamba, kitenge cha kijani, na juu yake koti la mwanaume linalomfika magotini, joto lote lile la Desemba. Alipoteana na mdogo wake njiani, walikuwa wanakimbia kutoka Uvira, watu wakagawanyika kwenye daraja. Mdogo wake anaitwa Furaha Nabintu. Nikaandika. Kompyuta ikasema hakuna. Nikamwambia dada, rudi wiki ijayo, orodha zinaongezeka.

Alirudi. Hakuna.

Mara ya tatu alikaa kwenye kile kistuli karibu na mlango, akaniambia pole pole, kama anaogopa kunikosea: "Mama Mapendo, uliangalia muzuri? Uliangalia mpaka mwisho?"

Nikamwambia, "Dada, mashine haidanganyi."

Akasema merci. Akasema basi labda mdogo wake hakuvuka, labda iko kule nyuma bado, na yeye atarudi kumtafuta. Maputo kwanza, halafu malori ya kwenda juu. Nilimpa mkate nusu, nikajiona mtu mwema. Alipovuka kwenye robot, zile taa za barabarani, aligeuka akanipungia mkono.

Wiki mbili baadaye, nilikuwa nabandika karatasi ukutani kuzuia unyevu ule unaotoka nyuma ya kibanda cha simu ya tatu. Nilichukua orodha ya Johannesburg ya zamani kwa sababu ilikuwa nene. Mkono wangu na gundi ukasimama. Safu ya kwanza: Mama Olive. Safu ya pili: Furaha Nabintu. Mbele yake: anamtafuta dada yake, Faida.

Alikuwa ndani. Mara zote tatu alikuwa ndani. Walikuwa wanatafutana humu ndani ya mashine moja, na mimi nilikuwa nimeziba mlango.

Wewe ulikuwa umerudi siku ileile na barua ya chuo. Ulinikumbatia na gundi mikononi. Ulilia, ukadhani nami ninalia kwa furaha, nikakuacha udhani. Kisha nikaibandika karatasi ile kwa nyuma, maandishi yakitazama ukuta. Bado iko pale. Utasema mama yangu ni mwendawazimu, lakini nikiwa peke yangu hapa mchana siwezi kukaa nikiupa ukuta ule mgongo.

Mapendo, nimejiuliza kwa nini nilinyamaza muda wote huo, na jibu ni baya kwa urahisi wake. Siku ya kwanza ningeweza kusema kwa neno moja. Wiki ya pili nilihitaji maneno kumi. Mwezi wa tatu nilihitaji kuvunja kila kitu kilichojengwa juu yake, na kilichojengwa juu yake ni wewe. Hamisi alikuwa na msemo kuhusu matawi: unganisha mapema, unganisha mara kwa mara, tawi likikaa mbali sana halijui tena njia ya kurudi kwenye shina. Alipousema nilicheka, lakini nilimfikiria mama yangu.

Hujawahi kuniuliza kwa nini bibi yako hana picha nyumbani kwetu. Nilitoka kwake nikiwa na mimba yako, nimetukanwa na nimetukana. Nilisema nitarudi Pasaka. Pasaka ikaja nikasema acha mtoto azaliwe kwanza. Ulipozaliwa nikasema acha atembee. Ulipotembea, nilikuwa nimeshakuwa mtu mwingine na yeye mtu mwingine, na hakuna aliyejua mahali tulipoachia. Kisha tukaja huku. Kisha vita. Jina lake niliandika mimi mwenyewe kwenye kompyuta hii, siku ya kwanza kabisa, kabla ya mteja yeyote. Hakuna. Na kila ninaposema neno hilo "hakuna" kwa mtu, nalijua ladha yake, na bado nilimpa Faida bila kulionja.

Basi wiki hii nilitoa diski. Ilikuwa ndani ya mfuko wa Biblia, ule wa zipu, umeipita mara ngapi. Mwandiko wa Hamisi bado upo: "Utafutaji, safu zote mbili." Nilikuja asubuhi nne mfululizo kabla ya kufungua duka. Nilifanya nakala. Niliogopa, kaye ilisema nisiogope, niliogopa hivyohivyo. Vishale vikarudi palepale, kama watu waliokuwa wananisubiri kikaoni. Safari hii nilisoma, kwa kidole, mstari kwa mstari, nikiandika pembeni kwa penseli kila mmoja unafanya nini. Asubuhi ya tatu nikaona.

Hamkuwa mnagombana. Ya Hamisi inatafuta, ya kwako inachapa kilichopatikana. Ilihitaji tu yake itangulie na ya kwako ifuate. Mistari kumi na moja, kisha minne. Nilikaa hapa nikacheka peke yangu mpaka yule dada wa saluni ya jirani akagonga ukuta. Kumbe kazi yote hiyo haikuwa ya kuchagua nani. Ilikuwa ya kusoma.

Nikaandika: Furaha Nabintu.

Likatokea. Na barua yako ikachapwa chini yake, herufi kubwa, nzuri.

Ijumaa nilipiga simu Johannesburg, ile namba ya kwenye orodha. Alipokea mwenyewe. Nikamwambia mimi ni nani na dada yake alipita hapa.

"Alipita? Mulimwambia nini?"

"Tulimwambia hauko."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshika ukuta. Nikasikia mtoto nyuma yake, huyo Olive bila shaka. Kisha akauliza, "Alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia kitenge cha kijani, na koti la mwanaume.

"Ile koti ni ya baba yetu," akasema. "Basi alikuwa yeye."

Alinishukuru, Mapendo. Hicho ndicho nilichoshindwa kukibeba peke yangu, ndiyo maana ninakuandikia badala ya kukuambia. Ningekuambia ana kwa ana ungeniona uso, ungenihurumia, na mimi sitaki uanze kwa kunihurumia.

Hamisi nimemwandikia, anwani yake ya intaneti ilikuwa juu ya diski. Nimemweleza yote. Hajajibu. Anaweza asijibu. Diski yake nimeiweka ndani ya kaye hii, ni ya kwako sasa. Ukitaka kumwandikia, mwandikie kwa maneno yako mwenyewe, si kwa kuniombea mimi.

Jana nilifikiri nikuachie uamuzi: nikuonyeshe kila kitu, niseme ukipenda tuma ng'ambo, usipopenda acha. Nikaona hiyo ni njia nyingine ya kukutwisha. Basi nimeshaingiza kwenye shina na nimeshatuma ng'ambo mimi mwenyewe. Pale mashine inapouliza umebadilisha nini na kwa nini, pale ambapo siku zote uliniandikia niweke neno moja, "sawa", niliweka haya:

"Utafutaji wa safu zote mbili ni kazi ya Hamisi. Uliletwa kwa wakati wake. Niliufuta mimi kwa makusudi nikasema diski ni mbovu. Mapendo hakujua. Mtu mmoja aliambiwa ndugu yake hayupo, naye alikuwepo. Sifa Mwamini."

Nilikaa nikilitazama jina hilo. Durban nzima hakuna anayelijua. Kama mama yangu angeingia kwenye duka lolote la mji huu akauliza Sifa Mwamini, wangemwambia hakuna. Mimi ni Mama Mapendo tu. Sijalalamika, ni jina nililolipenda kuliko langu. Lakini kosa hili nililifanya mimi, si wewe, kwa hiyo sikutaka lisimame chini ya jina lenye jina lako.

Inawezekana chuo wakasoma. Inawezekana wakakuuliza. Waambie ukweli: mistari minne ni yako, na kazi yote ya kuibadilisha maktaba kuwa ya watu mliifanya wawili. Ninavyokujua, minne yako inatosha. Nilipaswa kuamini hivyo siku ile ya mvua. Nilikupenda kama mtu asiyekuamini, na hapo ndipo nilipokukosea zaidi ya popote.

Huko unakokwenda utaleta kazi kwenye mashina ya watu usiowajua, na wengine watagusa mahali ulipogusa wewe. Sina la kukufundisha kwenye hayo, wewe ndiye mwalimu wangu. Nakuomba tu ukikasirika na mtu kwa sababu hakuleta alichoahidi, uliza mara ya pili, na umwangalie pia yule anayefuta simu.

Na urudi Pasaka. Hata kama umenikasirikia. Hasa kama umenikasirikia, rudi na hasira yako hivyohivyo, tuiweke mezani na yangu, tusome.

Mimi nabaki na duka. Kila asubuhi nikifungua, kabla ya mteja wa kwanza, nitaliandika jina la Faida, maana kuna orodha za Maputo zinakuja, na za Lusaka, na mtu aliyepanda lori lazima mahali fulani ashuke, na anaposhuka kutakuwa na mtu mwenye kalamu anayemuuliza anaitwaje. Labda huko wanamwita Mama nani, sijui. Nimepeleka kistuli chake karibu na kompyuta. Wakati mwingine nasikia anauliza kwa sauti ile ya pole kama niliangalia mpaka mwisho.

Bado, dada. Ndiyo naangalia.

Mama yako,
Sifa